Nusu Kichwa, Feri ya Mfangano

Mountain View, Nairobi
Jumapili, 26 Januari 2025

Niaje Joyline wa mabuti,

Mimi ni mzima kuliko wazima wenyewe. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zenu zimefungiwa kwa kabati ya afande mpaka mafunzo yaishe Aprili, na mimi sina hiyo subira. Mwalimu wangu wa kidato cha pili, kabla niachane na shule, alisema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga wino. Alikosa macho tu. Ona hiyo J ya jina lako vile imesimama.

Sasa sikia. Unakumbuka siku ile Uhuru Park, nilipokataa kuingia kile kiboti cha kupiga kasia? Ukasema kwa sauti, watu wakisikia, "Huyu Kibe maji yake ni ya beseni." Nilicheka na wewe lakini iliniingia. Basi nimeamua. Ijumaa ya tarehe saba nafunga kinyozi mapema, napanda basi pale River Road, nalala njiani, na Jumamosi asubuhi niko Mbita. Kutoka hapo napanda feri mpaka Mfangano. Kisiwa chenu! Peke yangu, bila mtu wa kunishika mkono! Nitatembea, nitakula samaki na kichwa chake, nitapiga picha, na jioni hiyo hiyo narudi na feri. Watu wa huku Kangemi na Satellite wakienda safari wanaenda Naivasha kuangalia ziwa wakiwa kwa nyasi. Mimi naenda kuvuka.

Hata nimeambia wateja wote. Mzee mmoja nikimnyoa ndevu aliniuliza, "Na wewe unajua kuogelea?" Nikamwambia feri ndiyo itaogelea, mimi nitakaa.

Jibu haraka. Uniambie mahali ya kuona.

Ni mimi, kinyozi nambari moja kutoka Waiyaki Way mpaka Ngong Road,
Kibe


Kambini, Gilgil
2 Februari 2025

Kibe wa beseni,

Barua yako ilisomwa na kitanda kizima. Debra anayelala juu yangu amesema hiyo J imesimama kama mlevi anayeshikilia ukuta. Pole.

Nimefurahi unaenda, sikufichi. Hapa tunakimbia kabla jua litoke, na nikichoka huwa nafikiria upepo wa kwetu, na mapapai, na vile ukipanda mlima unaona maji pande zote. Panda huo mlima. Kula ngege, samaki wetu, pale karibu na gati, kwa mama mwenye bati la bluu.

Sasa acha mchezo unisikize. Usikanyage kwetu. Usiulize kwetu ni wapi. Usitaje jina langu kwa mtu yeyote, hata mbuzi. Baba hajui kuna kitu inaitwa Kibe duniani. Nataka nimwambie mwenyewe Aprili, nikiwa nimesimama mbele yake, halafu ndio watu wenu waje. Kwetu kijana hajipeleki kwa miguu yake kusema anataka msichana. Anatanguliza mtu wa kumsemea, na yeye anakaa nyuma na adabu yake.

Na unajua ya dada yangu Rael. Alipoenda kuishi na yule jamaa wa mtaa wa Jamhuri huko Nairobi, hakuna mtu hata mmoja aliyekuja nyumbani kusema neno. Tangu siku hiyo baba hajataja jina lake. Akiulizwa ana watoto wangapi anasema watatu, na sisi ni wanne. Mimi sitaki kuwa wa pili kutolewa kwa hesabu, Kibe. Nakupenda na huo mdomo wako, lakini hiyo siku moja tu, ufunge.

Wako, usipoharibu,
Joyline


Mountain View
Jumapili, 9 Februari 2025

Joyline!

Nimeenda! Nimerudi! Na mdomo ulifungwa, karibu wote!

Wacha nianze na feri. Mimi nilidhani ni kitu kidogo. Kumbe inameza pikipiki, magunia, kreti za soda, mbuzi, kina mama na magodoro yao, na bado inasema leta wengine. Maji yenu ni rangi ya sukuma wiki iliyochemshwa. Tulipotoka Mbita jua lilikuwa limeamka vizuri, na visiwa vimekaa huko mbele kama migongo ya ng'ombe waliolala. Ilianza kuyumba kidogo. Kuna watu waliogopa. Mimi hapana. Mimi niliketi karibu na mlango kwa sababu ya kivuli.

Mlango wenyewe ndio hadithi. Si mlango wa feri, ni mlango wa nyumba, mpya, umepakwa rangi ya kijani, mzee mmoja alikuwa anausafirisha kutoka Mbita. Ameusimamisha wima, ameufunga kwa chuma na kamba. Huyo mzee ni mtu wa maana sana. Ana karedio amekaning'iniza shingoni na kamba ya kiatu, na kila mtu anamwita "mwalimu", hata mtoto. Aliniangalia akasema, "Mwalimu, unatoka wapi?" Nikamwambia Nairobi, mimi ni kinyozi, si kinyozi wa hivi hivi. Mashine yangu ilikuwa kwa begi, imejaa chaji, unajua siwezi kuiacha. Akavua kofia. Nywele zilikuwa msitu! Akasema, "Basi tuone hiyo Nairobi."

Joyline, nilimnyoa katikati ya ziwa! Mzee ameketi kwa kreti, mlango wa kijani nyuma yake, upepo unapeleka mvi kwa maji, watu wote wa feri wametuzunguka. Kina mama wakinipigia makofi. Nani Nairobi hii amewahi kunyoa mtu kwa feri? Mtaje.

Na unajua mimi nikishika mashine mdomo unafuata. Lakini sikukosea. Nilisema tu nina msichana kutoka Mfangano. Sikutaja Joyline mpaka aliponiuliza, na ni mzee wa kupita njia tu, nitamwona wapi tena? Tuliongea hivi:

"Na baba yake ni nani?"

"Ni mzee fulani wa Sena, Odero, fundi wa mbao. Nasikia hacheki tangu azaliwe."

"Aah, huyo. Namjua. Mtu mgumu."

"Mgumu aje?"

"Mgumu kama mvule. Misumari inajikunja."

Tulicheka! Nikamwambia huyo Odero akiniona atalainika mwenyewe. Akaniuliza kama nakutaka kweli ama ni maneno ya kinyozi. Kuna kitu nilimjibu. Sikuandikii, Debra atasoma.

Halafu ndio maajabu. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia, safi kama yai, nageuka niingie wa kushoto, mzee akainua mkono. "Hapo inatosha, mwalimu." Nikamwambia mzee, bado nusu! Akasema, "Inatosha." Akavaa kofia, akaniuliza kinyozi chetu kiko wapi nikampa kadi, halafu akawasha redio yake mpaka gati ya Sena. Nafikiri akili imemruka kidogo kwa umri. Sijawahi kuacha kichwa nusu maishani.

Lakini kisiwa! Nilipanda mlima mpaka nikaona maji pande zote kama ulivyosema, nikapiga kelele peke yangu juu huko. Mapapai yanaiva hakuna mtu anayaangalia. Nilikula ngege kwa mama wa bati la bluu, nikala kichwa, nikala na macho, mimi mtoto wa Kabete ambaye nyanya yangu alikuwa anaita samaki nyoka wa maji. Niliingiza miguu kwa ziwa mpaka goti. Goti, Joyline. Si beseni.

Jioni nikapanda feri, nikarudi. Hakuna aliyenijua. Niambie mimi ni nani.

Nahodha,
Kibe


Kambini, Gilgil
16 Februari 2025

Kibe,

Keti chini kabla usome.

Barua yako na ya mama zimefika siku moja. Nilifungua ya mama kwanza. Mama anasema baba alirudi kutoka Mbita na mlango mpya wa jikoni na nusu kichwa. Upande mmoja mvi, upande mmoja kipara. Anasema hataki mtu wa kumalizia. Kinyozi wa Sena amekuja mpaka nyumbani na makasi yake, baba akamrudisha. Jumapili alikaa na kofia kanisani mpaka mzee wa kanisa akaenda kumnong'oneza, naye akajibu, "Kazi inaendelea." Mama anauliza kama mimi najua ni ugonjwa gani.

Halafu nikafungua yako. Mlango wa kijani. Redio kwa kamba ya kiatu. "Mwalimu." Kibe, huyo ndiye Odero. Ulimwambia babangu, ukiwa umemshika kichwa, kwamba hajacheka tangu azaliwe.

Debra amecheka mpaka afande akamtoa nje akimbie uwanja. Mimi sijacheka. Nimelia nikiwa nimefunga kamba za mabuti.

Na usifikirie alikusimamisha kwa uzee. Nyumbani kwetu, mtu anayetaka binti ya mtu hamgusi babake binti kichwani. Hamnyoi, hamshiki, hata kofia ikianguka haiokoti. Mkono wa mkwe haupandi huko. Wewe ulipoanza ulikuwa kinyozi tu, akakubali. Ulipotaja jina langu ukawa kitu kingine, na mkono bado uko juu. Ndio maana alisema inatosha.

Sasa sijui amekasirika ama anafanya nini. Kukaa nusu ni mbaya kuliko kunifukuza, kwa sababu hajaamua. Kila asubuhi anaamka na hicho kichwa, na kila mtu Mfangano anakiona. Nilikuomba kitu kimoja, Kibe. Kimoja.

Usimpigie simu. Usiende. Usifanye kitu chochote cha ujanja. Kaa hapo.

Joyline


Sena, Mfangano
24 Februari 2025

Kwa kijana Kibe, kinyozi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nimempa dereva wa basi pamoja na kadi yako ili aifikishe. Simu ninayo, lakini jambo la aina hii halisemwi kwa simu, mtu mmoja akiwa sokoni na mwingine akiwa chooni.

Mimi ni Odero, fundi wa mbao, mtu mgumu. Tumeshajuana.

Nataka kukusahihisha kwanza. Uliwaambia kina mama kwenye gati siku ile, wakati wa kurudi, kwamba hukuogopa maji. Wao walinieleza. Kijana, wewe uliukumbatia mlango wangu macho yamefungwa. Rangi ilikuwa bado mbichi, na vidole vyako vinne vimebaki hapo mpaka leo. Mikono yako ilikuwa inatetemeka vibaya. Nilikuuliza unatoka wapi nikitafuta neno la kukutuliza, na uliposema kinyozi nikavua kofia ili upate kitu cha kushika. Uliposhika mashine, mikono ilitulia. Nikajua kazi unaijua.

Halafu ulifungua mdomo. Sitarudia ulichosema juu ya Odero. Lakini nilikuuliza kama unamtaka yule msichana kweli, nawe uliacha kucheka. Ulisema, "Mzee, mimi nimeacha shule, sina kitu ninachomzidi. Lakini akiwa hayuko mtaa wote unakuwa kama redio imezimwa." Hayo hayakuwa maneno ya kinyozi. Ndipo nikainua mkono, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukusikiliza kama baba, na baba wa msichana hanyolewi na anayemtaka.

Nina binti mwingine anaitwa Rael. Yeye hakuna aliyekuja. Nilikaa hapa mlangoni nikingoja mtu yeyote, hata mjinga, aje aseme neno moja. Wewe ulikuja, ingawa hukujua umekuja.

Sasa chagua. Ukiwa kinyozi, panda feri uje umalize kazi yako, nitakushukuru kama mteja, na hutamtaja Joyline tena. Ukiwa mkwe, kichwa hiki hukigusi tena maisha yako yote. Utaleta mtu wa kukusemea, na utaleta mtu mwingine wa kunyoa, na wewe utaketi utazame. Huwezi kuwa vyote viwili.

Kofia inaniwasha. Usikawie.

Odero


Mountain View
Jumapili, 2 Machi 2025

Joyline, Joyline,

Nimepata barua ya babako! Nimeikopi yote kwa mkono ukurasa wa pili, ujisomee, hata mahali pa vidole. Ndiyo, niliogopa. Haya, cheka. Niliogopa mpaka nikaahidi Mungu nitaacha kuongeza chumvi kwa hadithi, na hiyo ahadi naona imeshanishinda.

Ni kweli nilikosea. Uliniomba kitu kimoja nikakipeperusha katikati ya ziwa mbele ya mbuzi. Ukiwa na hasira bado, uko sawa. Lakini Joyline, hajakataa! Soma tena! Anasema chagua!

Nimechagua kabla nimalize sentensi. Mteja alikuwa kwa kiti, povu limejaa shingoni, nikapiga ukelele nusu akimbie na kitambaa. Tunaenda Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Anko Mbuthia amekubali kunisemea, yeye ndiye alisimamia posa za binamu zangu wote, na akianza kuongea hata wewe utasahau ulikuwa unabisha nini. Swali lilikuwa mtu wa kunyoa. Nimeuliza kila kinyozi kutoka hapa mpaka Satellite. Wanaosafiri hawajui kunyoa, wanaojua kunyoa hawafungi Jumamosi. Amebaki Norman. Norman alianza kazi kwangu juzi tu, alikuwa anaosha magari, na bado ananyoa kama anaosha gari. Nimemfundisha kila jioni juu ya papai. Mapapai yametoka na majeraha.

Kitu inaniuma ni hii. Nitaketi hapo na mikono yangu miwili mizima, hii mikono, niangalie Norman akiingia kwa kichwa cha babako. Afadhali ningerudi kuvuka nikiogelea.

Niombee. Mwambie Debra pia aniombee badala ya kusoma.

Kibe


Mountain View
Jumapili, 16 Machi 2025

Joyline wangu,

Keti chini, sasa ni zamu yako.

Tulivuka tukiwa watatu. Maji yalikuwa makali kuliko ya kwanza, na hapakuwa na mlango. Nilimshika anko Mbuthia, naye akanishika, na Norman akalala usingizi kwa gunia kama mtu amezaliwa kwa feri. Kutoka gati mpaka kwenu watu walitufuata. Kila mtu alijua. Watoto walikuwa wanapita wakifunika upande mmoja wa kichwa na mkono.

Mamako alitupokea vizuri mpaka nikaona haya. Nilikaa nyuma kama ulivyonifundisha. Anko Mbuthia alisimama, akasema, "Sisi ni watu wa mbali, tumekuja kwa sababu kijana wetu ana mdomo ambao ulifika hapa kabla ya miguu. Tumeleta miguu." Babako hakucheka. Akasema, "Endelea." Anko akaendelea mpaka chai ikapoa, na mimi sikutoa neno. Hata moja! Mamako akauliza, "Huyu kijana ni mgonjwa?"

Halafu babako akavua kofia, mbele ya wote. Joyline, ule upande wangu ulikuwa umeanza kuota vizuri, laini, mstari umenyooka mpaka sikioni. Kazi safi. Na ule mwingine kama kichaka cha Ngong. Akaketi kwa kiti, akasema, "Kinyozi aje."

Norman akaja. Nilikalia mikono yangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya, nilikalia kabisa, mkono huu chini ya paja hili na huu chini ya hili, nikauma ulimi. Alianzia katikati! Nani anaanzia katikati? Akapita juu ya sikio akarudi, akaacha ngazi, akajaribu kuondoa ngazi akaharibu na upande wangu. Jasho lilinitoka kuliko kwa feri. Anko Mbuthia alikuwa anasoma kalenda ya ukutani kwa makini sana. Mara mbili nilisikia mguu wangu unataka kusimama wenyewe.

Norman akapuliza nywele, akarudi nyuma akitabasamu kama amejenga gorofa. Mamako ameweka leso mdomoni. Babako hakuomba kioo. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu. Wewe ndiye mtaalamu wa Nairobi nzima. Unaionaje kazi ya mwenzako?"

Joyline, unanijua. Maneno yalikuwa yamejaa mpaka kwenye meno. Nilimwangalia huyo mzee, kichwa kama barabara ya mtaani baada ya mvua, na macho yake hayakuwa yanauliza juu ya nywele.

Nikasema, "Imetoka vizuri sana, baba."

Ndio akaomba kioo. Akajiangalia kulia. Akajiangalia kushoto. Akapapasa ile ngazi na kidole, polepole. Kuna sauti ilianza huko chini ya koo lake, tukadhani ni kikohozi, mamako akainuka kuleta maji. Alikuwa anacheka! Mzee Odero! Alicheka mpaka ile redio ikaruka kifuani ikajiwasha. Akamwambia anko Mbuthia, "Huyu amenidanganya machoni, na amenidanganya kwa heshima. Mkwe wangu huyo. Sasa tuongee."

Mkwe wangu, alisema. Uliza Norman, ana ushahidi.

Wameongea mpaka wakati wa feri. Tutarudi Agosti na watu kamili, na wewe utakuwepo umevaa nguo ya rangi, si ile sare ya kijani yenu. Babako ametusindikiza mpaka gati bila kofia, makusudi kabisa, kifua mbele. Na hapo gati kijana mmoja akamwuliza nani amemnyoa hivyo. Babako akanyoosha mkono akanionyesha mimi. "Mkwe wangu ni kinyozi, anatoka Nairobi," akasema, na feri ikaanza kuondoka kabla nijitetee.

Kisiwa kizima sasa kinajua mimi ndiye nilifanya kile kichwa. Jina langu la kazi limekufa huko kabisa, hakuna mtu wa Mfangano atanipa hata ndevu. Nilisimama nyuma ya feri, Joyline, katikati ya maji yote hayo, nikawapungia mikono yote miwili.

Wako,
Kibe, mkwe wa Odero